Mwanangu aliwekewa betri ya moyo baada ya upasuaji: je, ataishi kama watoto wenzake?

BARUA

Daktari,

Ninakuandikia kutoka Tabora, na ninaomba uniwie radhi kwa urefu wa barua hii. Mwanangu wa kiume ana umri wa miaka mitatu na nusu. Alizaliwa na tundu kubwa kwenye moyo; alikuwa hanenepi, alitokwa na jasho kichwani kila aliponyonya, na nimonia ilikuwa haimwachi. Mwaka jana, kwa msaada wa wafadhili, tulipelekwa India akafanyiwa upasuaji wa kuziba tundu hilo. Tuliambiwa kwamba upasuaji umekwenda vizuri, lakini niliporuhusiwa kumwona katika chumba cha wagonjwa mahututi nilikuta nyaya nyembamba zimetoka chini ya kifua chake na kuunganishwa na kiboksi kilichoning'inizwa kitandani, na muuguzi akanionyesha kwa ishara kwamba nisikiguse. Siku zilipita na kiboksi kile hakikuondolewa. Katika wiki ya pili tuliitwa ofisini, daktari akaeleza kwa Kiingereza cha haraka, na msimamizi wa msafara wetu akatutafsiria kwa kifupi kwamba mapigo ya moyo yamegoma kurudi, hivyo ni lazima mtoto awekewe betri ya kudumu. Tulitia saini. Sasa ana kovu la pili tumboni, upande wa kushoto, na chini yake unaweza kupapasa kitu kigumu kilicholala ndani ya nyama.

Tumesharudi nyumbani, na mtoto anakula, anakimbia na amenenepa, ila mimi sina amani. Usiku huamka kumwekea mkono kifuani nione kama moyo bado unapiga. Mume wangu anaamini kwamba daktari alikata mshipa kwa makosa na kwamba tumefichwa ukweli. Mama mkwe wangu, ambaye anampenda sana mjukuu wake, anasema chuma hakikai mwilini mwa mtoto, na anataka apelekwe kwa mtaalamu wa tiba za asili akachanjwe chale kuzunguka kovu ili moyo uamke wenyewe, kisha betri itolewe. Isitoshe, mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma na karakana yake iko uani, na jirani ametuambia kwamba umeme wa mashine ile unaweza kuizima betri. Kliniki tumekwenda mara moja tu, hapa hapa mkoani. Walimsikiliza kifua wakasema yuko vizuri. Kadi tuliyopewa India nimeihifadhi kabatini.

Naomba unieleze: ni nani aliyekosea? Betri ikiisha usiku, mtoto atafia usingizini? Inaweza kutolewa siku moja? Na je, anaweza kusoma, kucheza na kutahiriwa kama watoto wengine?

Mama mwenye wasiwasi, Tabora

JIBU

Mama, pole sana, na hongera kwa kumfikisha mtoto hapo alipo. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na jambo lililonishtua ndani yake limo katika sentensi fupi uliyoiandika kana kwamba si kitu, ile ya kwamba kadi iko kabatini na kwamba kliniki mmekwenda mara moja, mtoto akasikilizwa kifua tu. Betri yenyewe hainishtui hata kidogo. Nitalirudia suala la kadi baada ya kujibu swali la baba yake, kwa kuwa naona ndilo linaloitafuna nyumba yenu.

Moyo hupiga kwa amri ya umeme wake wenyewe. Umeme huo huanzia katika vyumba vya juu, hupita kwenye kituo kimoja kidogo katikati ya moyo, kisha huteremka kwa njia nyembamba hadi vyumba vya chini, ambavyo ndivyo vinavyosukuma damu kwenda mapafuni na mwilini. Njia hiyo hupita pembezoni kabisa mwa mahali ambapo tundu kati ya vyumba viwili vya chini hupenda kutokea, na daktari anayeshona kiraka haioni kwa macho, kwa sababu haina rangi inayoitofautisha na nyama ya moyo iliyoizunguka. Anachofanya ni kukadiria mahali ilipo kwa elimu na uzoefu wake, kisha kuikwepa. Hata akiikwepa, uvimbe unaofuata mshono, au kule kuvuta nyama ili tundu lionekane, vinaweza kukata mawasiliano yake. Vyumba vya juu huendelea kupiga kwa mwendo wao, vya chini hubaki na mwendo wa polepole usiotegemewa, na mtoto huwa hatarini.

Kwa hiyo tatizo hili linajulikana dunia nzima, katika hospitali bora kuliko zote, kwa kiwango cha takriban mtoto mmoja hadi watatu katika kila watoto 100 wanaofanyiwa upasuaji wa moyo. Kutokea kwake peke yake si ushahidi wa uzembe. Mkitaka kuridhika zaidi, ombeni ripoti ya upasuaji, kwa sababu ni haki yenu na mtaihitaji hata kwa sababu nyingine. Nyaya na kiboksi ulichokiona ni betri ya muda, yaani kifaa kinachoupigisha moyo kwa umeme mdogo, ambayo madaktari huiunganisha na moyo kabla hawajafunga kifua wanapoona au wanapohofia kwamba mapigo yatayumba. Miongozo ya kitaalamu inawataka wasubiri siku saba hadi kumi kabla ya kuweka betri ya kudumu, maana watoto wengi ambao njia yao ya umeme imevimba tu hupona ndani ya muda huo. Nyinyi mliitwa ofisini wiki ya pili, na hiyo inaonyesha kwamba mtoto alipewa nafasi ya kupona mwenyewe. Baada ya hapo, kumrudisha nyumbani bila betri kungekuwa ni kumwacha kwenye hatari ya kuzirai au kufariki ghafla.

Hata hivyo, mume wako hakukasirika bure. Mlipaswa kuelezwa uwezekano huu kabla ya upasuaji wa kwanza, kwa lugha mnayoielewa, mkiwa na nafasi ya kuuliza maswali. Kutia saini mkiwa mmepewa tafsiri ya kifupi, huku mtoto yuko mahututi, kunaacha jeraha ambalo mzazi hulibeba kwa muda mrefu. Naomba tu hasira hiyo isihamie kwenye kifaa chenyewe, kwa sababu ndicho kinachomfanya mtoto wenu akimbie uani leo.

Huenda ikawafaa nyinyi wawili kujua kwamba betri ya moyo ina historia inayoanza na watoto wa aina yake. Katika miaka ya 1950, daktari bingwa wa upasuaji C. Walton Lillehei, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, alikuwa akiziba matundu kama la mwanao, na watoto waliopatwa na tatizo hili karibu wote walifariki. Mwaka 1957 alianza kupitisha waya hadi kwenye misuli ya moyo na kuuunganisha na mashine kubwa iliyochomekwa kwenye umeme wa ukutani. Tarehe 31 Oktoba mwaka huo umeme ulikatika mjini Minneapolis, kilipo chuo hicho, jambo ambalo msomaji yeyote wa Tabora anaweza kuliona akilini, na Lillehei akamwomba fundi wa vifaa vya hospitali, Earl Bakken, atafute njia ya kuondokana na umeme wa ukutani. Katika muda wa wiki chache Bakken alitengeneza kiboksi kidogo kinachotumia betri, na mtoto akaweza kutembea nacho. Mwaka uliofuata, tarehe 8 Oktoba 1958, huko Stockholm nchini Sweden, Arne Larsson akawa mtu wa kwanza kupandikizwa kifaa kizima ndani ya mwili. Cha kwanza kiliharibika baada ya saa chache tu. Aliendelea kubadilishiwa vifaa, zaidi ya 20 kwa jumla, na alifariki mwaka 2001 akiwa na umri wa miaka 86, kwa maradhi mengine.

Sasa kadi. Itoe kabatini leo, uipige picha pande zote mbili, picha hiyo uitume kwenye simu ya baba yake na ya ndugu mwingine mmoja mnayemwamini, kisha kadi yenyewe iwe inasafiri na mtoto popote aendapo. Ndani yake kuna jina la kampuni iliyotengeneza kifaa, namba ya aina yake, tarehe kilipowekwa, na mara nyingi kiwango cha chini cha mapigo kilichopangwa. Jina la kampuni lina uzito mkubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa kifaa cha kampuni moja hakisomwi kwa kompyuta ya kampuni nyingine. Ukifika hospitali bila kadi, mafundi watalazimika kubahatisha, au kupiga eksirei ili wakitambue kwa umbo lake.

Kusikiliza kifua hakutoshi kupima betri ya moyo. Inapimwa kwa kompyuta yake maalumu: mtoto analala au anakaa mapajani mwako, mtaalamu anaweka kisomeo juu ya ngozi palipo na kifaa, na bila sindano wala maumivu anaona betri imebaki kiasi gani, nyaya ziko salama au zimeanza kuchoka, moyo unahitaji nguvu kiasi gani ili uitikie, na kama kulikuwa na mapigo yasiyo ya kawaida tangu kipimo kilichopita. Hapa nchini mahali pa kuanzia ni Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ambayo inahudumia watoto wenye magonjwa ya moyo na kupandikiza vifaa hivi. Najua kutoka Tabora ni mbali na nauli si kidogo, lakini safari hii msiiahirishe. Ombeni rufaa hospitali ya mkoa, na kabla ya kusafiri pigeni simu mtaje kampuni iliyo kwenye kadi ili mhakikishe kwamba kompyuta yake ipo siku mtakayofika. Baada ya kipimo cha kwanza, kwa kawaida mtaambiwa mrudi kila baada ya miezi sita hivi, na mara nyingi zaidi betri itakapokaribia kwisha.

Hilo linanifikisha kwenye hofu yako ya usiku. Betri hizi haziishi ghafla. Nguvu hushuka taratibu kwa miaka, na zikifika kiwango fulani kifaa chenyewe hutoa taarifa kwenye kipimo kwamba muda wa kukibadilisha umefika, huku kikibakiwa na akiba ya kufanya kazi kwa miezi kadhaa. Anayehudhuria kliniki huiona taarifa hiyo mapema. Kwa watoto, kifaa hudumu kwa kawaida miaka mitano hadi kumi, pengine pungufu, kwa sababu moyo wa mtoto hupiga haraka na hutumia umeme mwingi. Kikiisha, haibadilishwi betri peke yake kama ya saa, bali kifaa kizima chenye betri hutolewa pale tumboni na kipya kuunganishwa na nyaya zile zile iwapo bado ni nzima. Ni upasuaji mdogo kuliko ule wa kwanza, na mara nyingi kifua hakifunguliwi tena. Msifikirie kwamba mwanao atapitia hilo mara moja tu. Atalipitia mara kadhaa maishani.

Badala ya kuamka kila usiku, mwombe mtaalamu wa kliniki akuandikie kiwango cha chini cha mapigo ambacho kifaa kimepangiwa, halafu akufundishe kuhesabu. Mtoto akiwa ametulia, weka vidole viwili upande wa ndani wa kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, au ndani ya kiwiko, na uhesabu kwa dakika nzima ukitazama saa. Fanya hivyo mara moja kwa wiki. Hesabu ikifika kiwango hicho au kukizidi, lala. Ikipungua wazi chini yake, na ukarudia ikawa vile vile, nenda hospitali siku hiyo hiyo na uwaambie wampige kipimo cha umeme wa moyo. Usingoje asubuhi wala usihesabu tena iwapo amezirai, anapepesuka, amepauka na kulegea, anachoka kwa michezo aliyoimudu juzi, au ana kwikwi isiyokoma au misuli ya tumbo inayorukaruka kwa mpigo. Vivyo hivyo kovu likiwa jekundu, la moto, limevimba au linatoa maji, na homa isiyo na sababu inayoeleweka.

Kuhusu chale, naomba mama mkwe wako asomewe sehemu hii kwa heshima zote, maana nia yake ni njema. Kifaa kimekaa ndani ya mfuko wa nyama, na wembe ukipasua ngozi juu yake unaweza kuingiza vijidudu ambavyo vikishajishika kwenye chuma na nyaya, dawa peke yake huwa haziviondoi. Mara nyingi hulazimu kutoa kila kitu, kumrudisha mtoto kwenye betri ya muda hospitalini kwa wiki kadhaa, kisha kumpandikiza upya. Baadhi ya watoto wamepoteza maisha kwa njia hiyo. Bibi anaweza kumwombea mjukuu wake, kumwimbia na kumpikia uji, na yote hayo yana faida kwake, lakini ngozi ya tumbo lile isiguswe na wembe, sindano wala dawa ya kupaka isiyotoka kwa daktari wake.

Kama inaweza kutolewa siku moja: wapo watoto wachache ambao njia yao ya umeme huamka tena, miezi au hata miaka baadaye. Daktari hulitambua hilo kliniki kwa kupunguza kasi ya kifaa kwa muda mfupi huku akitazama moyo unavyojibu. Hata hapo, kifaa kwa kawaida huachwa kama ulinzi, kwa kuwa njia iliyowahi kukatika inaweza kukatika tena bila taarifa. Uamuzi huo haufanyiki nyumbani kwa kuona mtoto ana nguvu. Ana nguvu kwa sababu kifaa kinafanya kazi.

Jirani yenu alisema jambo lenye ukweli ndani yake. Mashine ya kuchomelea hutoa mawimbi ya umeme na sumaku yanayoweza kukichanganya kifaa kikadhani kinasikia mapigo ya moyo, kikanyamaza. Mara nyingi hali hiyo huisha mtu akisogea mbali, lakini kwa mtoto anayekitegemea kifaa kwa kila pigo, hata sekunde chache zinaweza kumwangusha, na akianguka kando ya vyuma vya moto madhara yatakuwa makubwa zaidi. Baba mtu, weka uzio au mlango wenye komeo kati ya karakana na mahali mtoto anapocheza, na mtoto asishike waya wala meza ya kazi hata mashine ikiwa imezimwa, kwani hana namna ya kujua itawashwa lini. Vitu vingine vya nyumbani havina shida kubwa: televisheni, redio, friji na jiko la umeme la kawaida avizoee tu. Simu isikae karibu na kifaa kwa chini ya sentimeta 15, kwa hiyo usiichomeke ndani ya kanga unapombeba, na kwenye sherehe asiegemee spika kubwa, ambazo zina sumaku ndani. Akibebwa mgongoni kwa mbeleko, kifaa hubanwa kati ya tumbo lake na mgongo wako, basi kwa umri wake ni afadhali atembee, au umbebe ubavuni bila kukibana kifaa.

Tohara inafanyika, ila ifanyike hospitali, baada ya daktari wake wa moyo kuandika barua, na mtoa huduma aambiwe mapema kwamba mtoto ana betri ya moyo. Sababu ni ile mashine ya umeme inayotumika kuunguza mishipa midogo ili damu isitoke. Kwa mwanao ni bora njia nyingine itumike. Tahadhari hiyo hiyo inahusu upasuaji wowote utakaokuja. Kipimo cha MRI, yaani cha picha za ndani ya mwili kwa sumaku kubwa, kisifanyike bila kibali cha daktari wa moyo, hasa kwa kuwa nyaya za watoto wadogo hushonwa juu ya moyo wenyewe na nyingi za aina hiyo hazijaidhinishwa kwa kipimo hicho. Chanjo zake zote apewe kama kawaida. Meno yasafishwe kila siku, na daktari wa meno ajue kwamba ana kiraka moyoni.

Shule aende, na mpira acheze. Akikua, michezo ya kupigana mateke na ngumi, ambayo tumbo linaweza kupigwa kwa nguvu, ijadiliwe kwanza na daktari. Mwalimu apewe karatasi moja yenye picha ya kadi, namba zenu za simu na maelezo kwamba akizirai apelekwe hospitali mara moja badala ya kumwagiwa maji. Kila mwaka hivi afanyiwe pia kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, maana moyo unaopigishwa kwa betri miaka mingi unaweza, kwa baadhi ya watoto, kupungua nguvu ya kusukuma damu, na ukigunduliwa mapema kuna mengi ya kufanya, ikiwemo kubadilisha mahali waya unapogusa moyo.

Mwisho ni fedha, ambazo hukuziuliza lakini zitakuja. Wafadhili walilipia betri ya kwanza. Ya pili haina mwenyewe bado. Mtakapofika Dar es Salaam, onaneni na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali siku hiyo hiyo ya kliniki, waelezeni hali yenu, na ulizeni bima yenu inagharamia nini katika kubadilisha kifaa. Waandikieni pia waliowapeleka India, mkiwaomba nakala ya ripoti ya upasuaji na ya upandikizaji wa betri, ikiwa na aina ya nyaya zilizotumika na mahali zilipounganishwa. Daktari atakayembadilishia mwanao kifaa miaka kadhaa ijayo ataihitaji karatasi hiyo kabla hajashika kisu, na ni rahisi zaidi kuipata sasa kuliko wakati huo.